Timu Yangu ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Kitivo kinatafuta msimamizi wa kliniki mpya ya mafunzo ya tiba ya familia. Daktari, muuguzi, mfamasia na mtu wa ustawi wa jamii watamhudumia mgonjwa pamoja, chumba kimoja, wanafunzi wakitazama. Utafiti nao hapohapo. Nani anafaa kuliko mimi? Nimefundisha somo la kazi ya timu miaka yote hii, peke yangu, na sijaruhusu mtu aniingilie! Mpinzani ni mmoja: mwenzangu wa ofisi ya jirani, Daktari Tabasamu. Huwauliza wauguzi maoni yao. Halafu anayasikiliza. Kujipendekeza gani huko!

Jumanne, 5 Machi
Ijumaa mkuu wa kitivo atakuja kututazama, kila mgombea na mgonjwa wake. Tabasamu eti atamchukua yeyote atakayekuwa kwenye foleni. Hana mikakati. Mimi nina mama mkwe. Ana presha, vidonge nimemwandikia mwenyewe, na ni damu yangu kwa njia ya ndoa. Nimemwelekeza aseme kwamba bila mkwe wake angeshazikwa. Amenitazama weee, kisha akasema sawa, baba. Mke wangu kanionya kwamba simjui mama yake. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeitisha mkutano wa timu kuhusu umuhimu wa kusikilizana. Nimezungumza mimi. Muuguzi aliinua mkono. Nikamwambia maswali mwisho. Mwisho haukufika. Mfamasia alisinzia, dalili kwamba ananiamini.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa!
Kabla sijafungua mdomo, muuguzi alimuuliza Mama presha humpanda lini. Akajibu: Jumapili. Kuna nini Jumapili? Akasema mkwe wake huja kula. Wanafunzi walicheka, hawana adabu. Mama akaendelea kwamba mkwe humweleza yeye ugonjwa wake mwenyewe mpaka chakula kinapoa, na kila akitaka kumwambia miguu inavimba, anaambiwa maswali mwisho.
Mfamasia, aliyekuwa macho leo, akasema uvimbe huo huletwa na vidonge vile. Nikaitazama miguu. Kweli imevimba, na imekuwa chini ya meza ileile ninayolia chakula kila Jumapili. Niliona aibu. Kidogo.
Mtu wa ustawi wa jamii akaniomba, kwa upole wa kuudhi, nitoke kwenye kiti cha daktari nikakae upande wa familia. Tabasamu akakalia kiti changu, akabadilisha dawa. Muuguzi akapima presha tena baada ya mimi kunyamaza. Imeshuka! Wanafunzi wakaandika. Mkuu wa kitivo akasema hajawahi kuona somo zuri kama hili.

Jumapili, 10 Machi
Tabasamu ndiye msimamizi. Mimi nimepangiwa kazi ndani ya matibabu: niende kwa mama mkwe, nikae, nisikilize.
Nimekwenda. Miguu imeanza kunywea, nikafurahi kwa dhati. Mama akaanza kunieleza alivyolala. Nilisikiliza sentensi nzima! Kwenye ya pili ikanijia fikra: huu ni utafiti. Mkwe akinyamaza, presha inashuka. Makala ya kwanza ya aina yake kuhusu kusikiliza kama timu, mwandishi mmoja, mimi. Nikamfafanulia Mama mbinu zote, hatua kwa hatua. Chakula kikapoa.
Akainua mkono.
Nikamwambia maswali mwisho.