Bi Mkubwa Anatoka Jasho

Jumapili, tarehe 2 Juni

Imewaka! Miaka miwili na mwezi mmoja nimelala chini ya gari la marehemu baba, na leo injini imewaka. Nimeifumua yote na kuifunga upya kwa mikono yangu miwili. Mke wangu alitokwa na machozi. Anadai ni moshi.

Papo hapo nikatangaza mbele ya familia nzima: Jumamosi binti yetu wa mwisho haendi ukumbini kwa gari la kuazima. Bibi harusi atapanda Bi Mkubwa (ndivyo tunavyoliita gari hili, na mke wangu ameshachoka kulalamika) na dereva ni mimi. Binti akanirukia shingoni.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwepo. Mtu mwenye gereji yake miaka ishirini. Hakupiga makofi. Akainama, akachungulia uvunguni, akasema: "Mh." Basi. Akaenda kula.

Alipoondoka nikachungulia na mimi. Matone matatu sakafuni. Huko si kuvuja. Injini iliyofungwa upya hutoka jasho.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jasho limefika ukubwa wa sahani ya chai.

Sikubabaika. Kitu kikivuja, unakaza. Nimekaza kila bolti ya kifuniko cha juu mpaka nikaona nyota. Moja ikakatika, kichwa kikabaki ndani ya spana na mwili ndani ya injini. Jambo dogo. Zimebaki saba.

Jioni hesabu ya matone: mbele linavuja, nyuma linavuja, na ubavuni, ambako jana kulikuwa kukavu, sasa linavuja pia. Shemeji alipita "kusalimia dada yake". Mh.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Silikoni! Nashangaa sikuifikiria mapema. Nimepaka tyubu mbili nzima: kwenye gasketi inayoziba kati ya vyuma, juu ya gasketi, pembeni ya gasketi. Maelezo yanasema iachwe saa ishirini na nne ikauke. Hayo yameandikwa kwa watu wasio na harusi Jumamosi. Nimeipa saa moja. Miwani yangu imeganda kwenye kidole gumba.

Linavuja.

Nikaona bora kwanza niokoe heshima. Nilimsukuma Bi Mkubwa nyuma hatua kumi, na shemeji alipofika nikamkaribisha kwa bashasha aegeshe pale pale alipotoka Bi Mkubwa, penye kivuli. Kisha nikamwita mke wangu aje aone jinsi gari la kakake fundi linavyomwaga oili uani kwetu.

Mke wangu alitazama doa. Halafu akatazama mstari wa matone uliotoka kwenye doa, ukakata ua, ukaenda kuishia chini ya Bi Mkubwa. Halafu akatazama suruali yangu. Akarudi jikoni. Ningependa angenigombeza.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Mjukuu wangu yuko hapa na mama yake kwa ajili ya harusi. Nepi zake zimepangwa chumbani rundo zima. Kama nepi inamzuia mtoto yule, itazuia injini. Nikachukua nne, nikazifunga uvunguni kwa waya, vizuri, kama bandeji. Nikatoka kumjaribu Bi Mkubwa barabarani. Mita mia mbili, bila hata tone! Nilikuwa naimba.

Kona ya tatu nepi moja ikalegea, ikagusa bomba la moshi. Harufu sitaieleza. Watu walikuja mbio na ndoo. Mmoja alinimwagia mimi.

Wakati huo huo binti yangu anarudi kutoka kwa mshonaji, gauni lake jeupe mikononi, ndani ya mfuko. Akasimama. Hakunicheka. Tulirudi tukakaa wawili kizingitini, mimi nimelowa.

"Baba, mimi nitapanda tu," akaniambia. "Ikibidi nitavaa gauni jeusi."

Akacheka, lakini nilimwona anavyoukunjakunja ule mfuko kwa vidole. Nikajifanya natafuta spana stoo. Nilikaa humo muda mrefu bila kutafuta chochote.

Mke wangu akaja mlangoni. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kakake anakaa mtaa wa pili na ana simu. Nikampigia. Nikamweleza shemeji kuwa sihitaji msaada, nataka maoni tu. Akasema atakuja asubuhi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Amekuja. Hakushika hata spana! Aliniambia niwashe injini, akafungua kifuniko cha kujazia oili. Upepo na moshi vikatoka mle fuu, kama birika linalochemka. Akauliza injini hii inapumulia wapi. Nikaanza kumpa nadharia yangu. Yeye akafuata kibomba kimoja chembamba kwa kidole, akaingiza koleo kwenye mdomo wa kibomba hicho, akavuta.

Soksi.

Soksi yangu ya kahawia, ambayo mwaka jana nilimlaumu mke wangu kuwa ameipoteza. Niliisokomeza mwenyewe siku ya kupaka injini rangi, ili rangi isiingie ndani. Shemeji akanieleza taratibu, kama anaeleza mteja: injini isipopumua, upepo unajaa ndani na kuisukuma oili itokee popote penye upenyo. Nikamjibu kuwa nilijua, nilikuwa nampima. Mke wangu alipokea soksi, akaenda kuianika pale ambapo kila mgeni ataiona.

Tukafanya kazi kutwa. Kubandua silikoni yangu peke yake kulichukua saa tatu. Alitoa ile bolti iliyokatika akatia nyingine, tukaweka gasketi mpya na sili mpya za mpira mbele na nyuma. Alipokuwa anachungulia ndani kwa tochi akasema: "Pistoni umezifunga vizuri, shemeji. Safi kabisa."

Oili ikaniingia machoni, ikabidi niende kunawa.

Wakati wa kuagana akaniomba kitu kimoja: nisiiguse tena. Nimeapa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Jana kutwa nilitandika kadibodi nyeupe uvunguni. Leo alfajiri: nyeupe vile vile! Nilimwonyesha mke wangu kama cheti.

Binti alikaa kiti cha nyuma, gauni limejaa mpaka dirishani. Injini inanguruma ile sauti ya baba akirudi kazini. Katikati ya safari akanyoosha mkono, akanishika bega, akauacha hapo mpaka tukafika. Sikugeuka. Dereva hageuki.

Nyuma yetu njia nzima alikuwepo shemeji na pikapu yenye boksi la vifaa. Anasema ilitokea tu anaelekea huko huko.

Gauni halikupata hata alama. Baba wa bwana harusi aliisifu injini mbele ya watu. Nikamweleza kwa kirefu jinsi nilivyogundua tatizo la upumuaji. Shemeji alipaliwa na soda.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nyumba kimya. Wote wamekwenda kuwasindikiza wageni. Nimechungulia uvunguni: kukavu. Nikasubiri saa nzima, nikachungulia tena: kukavu.

Sasa najiuliza. Injini yenye umri huu, isitoe hata tone moja? Hata kidogo? Haiwezekani. Shemeji ni mtu mzuri, lakini alifanya haraka. Lazima kuna mahali alipobana mno, na oili inashindwa kupita.

Sitaigusa. Nafungua tu kifuniko cha juu, nitazame, nifunge. Dakika tano.

Bolti saba zimetoka bila shida. Ya nane imekaza. Nimepata bomba refu, naliongeza kwenye mpini wa spana.