Kuhusu Mvua Iliyonyesha Ndani ya Darasa la Sita

Shule ya Misheni,
Kigwa, Tabora.
12 Novemba, 1953

Kwa Mheshimiwa Padri Msimamizi wa Shule,

Baba Padri, nakuamkia kwa heshima zote za Darasa la Sita. Ulitangaza baada ya misa kwamba Jumamosi utaamua kama Mwalimu Lugembe abaki au ahamishwe, na kwamba mwenye neno alilete. Langu ni hili: ahamishwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Anafundisha sayansi kwa michezo. Zamani mwalimu alisoma, sisi tukaitikia, na aliyekosa alichapwa. Kwa utaratibu huo nilihifadhi sura nzima ya hewa, pamoja na nukta zake. Sasa Mwalimu anawasha karatasi ndani ya chupa, anaweka yai lililochemshwa na kumenywa juu ya mdomo wa chupa, yai linatumbukia, na hata Damas, asiyejua ukurasa wowote, anaeleza kwamba hewa ya nje imelisukuma. Je, sisi tuliohifadhi tumehifadhi kwa ajili ya nani?

2. Watoto wadogo wameharibika. Mdogo wangu Tobias alilia Jumapili kwa sababu hakuna shule. Baba alidhani ni homa, akampandisha treni mpaka hospitali ya Kitete. Daktari hakuona ugonjwa. Nauli haikurudishwa.

3. Jambo la mvua. Wewe umelisikia kwa wazee, mimi nilikuwepo. Mwalimu alichemsha birika, akashika juu ya mvuke sahani ya bati yenye maji baridi ya mtungi. Matone yakadondoka. Akasema, "Hii ndiyo mvua, wanangu. Mmeileta wenyewe."

Damas akaenda nyumbani akasema Mwalimu ameleta mvua. Kila mtu hapa anajua kwamba mvua huombwa kwa mtemi. Asubuhi bibi yangu na wazee wenzake wakamjia Mwalimu na kondoo mweusi, wakampigia makofi kama apigiwavyo mtemi, wakamsihi asizisahau mbegu zao. Mwalimu, badala ya kukana, akawaletea birika walione. Wakalitazama kwa adabu, wakauliza mwiko wake ni nini. Akajibu kwamba halina mwiko, ila wasiliguse likiwa la moto. Wakarudi kutangaza mwiko huo kijiji kizima.

Jioni ikanyesha, ikabomoa tanuri la matofali la Mzee Selemani. Sasa Mzee Selemani anamshtaki Mwalimu kwa kunyeshea watu bila kibali, na mtemi anauliza kondoo wake wa mvua alipotea njia gani. Mimi siamini kwamba birika lilileta mvua. Nasema tu kwamba mwalimu wetu wa zamani hakuwahi kushukiwa kuleta kitu chochote.

4. Anatuuliza tunafikiri nini. Kitabu hakijapata kunifanyia hivyo. Tena ametuzoesha kuuliza, "Umejuaje?" Leo tunamuuliza Damas. Kesho tutamuuliza karani wa kodi. Keshokutwa tutamuuliza Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, naye, maskini, hajazoea.

Kwa hiyo naomba Mwalimu Lugembe apelekwe kwenye shule isiyo na watoto. Nimefikiria seminari ya Kipalapala, ambako wanafunzi ni watu wazima na nadhani wamekwisha acha kucheza.

Baba na mama wanakusalimu. Tobias anakusalimu, hajambo. Wasalimie masista wote na mpishi wao. Bibi naye anakusalimu sana, na anauliza kama huko misheni mnalo birika.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Pelagia Ngollo

Nyongeza: Nilikuwa sijaifunga barua hii, leo Mwalimu akaunganisha makopo mawili ya maziwa kwa uzi mrefu wa cherehani. Leonia wa darasa letu alisimama mbali, mlangoni pa kanisa. Mimi niliwekwa ndani ya stoo, mlango umerudishwa, uzi ukipita kwenye upenyo, na hakuna aliyenitazama. Sauti ya Leonia ikaja ndani ya kopo: "Pelagia, sauti inapitaje humu?" Nikamwambia uzi unatikisika. Kisha nikaendelea, sijui ilikuwaje, nikasema mpaka Leonia akaomba kubadilisha mkono. Nilipotoka, Damas, ambaye hajapata kunisikia nikijibu swali darasani, aliniambia, "Dada, kumbe unasema." Jumamosi nitakuwa ndani ya stoo ile ile. Nakuomba, Baba Padri, ushike kopo moja sikioni kabla hujaamua, maana ninayo mengi ya kueleza kwa nini Mwalimu Lugembe abaki. Uzi uuvute vizuri tu. Ukilegea hutanisikia.