Matundu Ubavuni

Jumatatu, 6 Machi 1967. Mbita.
Cherehani ya Phelesia iko ziwani. Niliiangusha mimi. Nilitaka kushona tanga la jirani yangu Barnabas mle mle mtumbwini, bila kulishusha mlingotini. Akili kubwa! Mtumbwi ukayumba. Chubwi! Barnabas akasema mos, omera, pole sana, ndugu yangu, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Mke wangu yuko Magunga kwa mama yake. Atarudi Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Cherehani ile alipewa na marehemu baba yake. Naogopa, sifichi.

Jumanne, 7 Machi.
Mungu si Athumani! Amefika mzamiaji, Bwana Elijah, kukagua nguzo za gati. Amekubali kuitoa cherehani akimaliza kazi yake. Nimekagua vyombo vyake. Mtungini hewa imeshindiliwa, kali mara hamsini kuliko ya tairi la baiskeli. Haivutiki hivyo hivyo. Shingoni mwa mtungi kuna kichwa cha shaba, chenye pistoni na springi. Hewa ikitosha, inasukuma pistoni, mlango unajifunga. Mtu akivuta pumzi, hewa inapungua, springi inaufungua tena. Kipande cha mdomoni humalizia kuipoza. Nimeelewa yote. Mimi ni fundi baiskeli mwaka wa tisa huu.
Kasoro moja tu: kichwa kile kimetoboka ubavuni! Hakuna aliyeona ila mimi.

Jumatano, 8 Machi.
Elijah akinywa chai, nikayaziba matundu yote kwa solusheni, ile gundi ya tairi, na viraka. Zawadi! Solusheni kidogo iliingia ndani, si neno.
Alipofungua mtungi, hewa ilipiga mluzi kipande cha mdomoni bila kukoma. Mbuzi wa Barnabas wakatimka. Mtungi mzima ukaisha, umebaki mmoja. Elijah akauliza ni nani. Nikajitokeza, kifua mbele. Akanieleza, kwa sauti iliyofika kisiwani Rusinga, kwamba matundu yale ni ya makusudi. Maji huingia, yakaisaidia springi kusukuma, ndipo hewa ikaongezeka nguvu kadiri mtu anavyozama. Na solusheni yangu imeinasa pistoni. Barnabas akasema niwe nashika baiskeli tu. Wivu.

Alhamisi, 9 Machi.
Elijah amekwangua kutwa. Amenikataza kumkaribia hatua ishirini. Nimekaa hatua ya ishirini na moja. Nikampelekea viazi vitamu kwa mkono wa Barnabas. Amevila vyote. Moyo umetulia kidogo.

Ijumaa, 10 Machi.
Nguzo kwanza, cherehani baadaye, kwa mtungi ule ule mmoja. Sikupumua vizuri mimi, wala si yeye! Hatimaye kamba ikatikisika. Tukavuta, Barnabas na mimi. Cherehani! Na perege mdogo ndani. Nilimkumbatia Elijah akiwa amelowa vile vile.
Phelesia alifika jua lingali juu. Barnabas alimwambia yote kabla hajatua mzigo. Akanitazama. Akaitazama cherehani. Akaikausha, akaitia mafuta tone kwa tone, juu na ubavuni, akaijaribu. Ikashona! Akacheka, akaniambia nisiiguse tena maishani. Mke mwema sana. Tulikula perege.

Jumapili, 12 Machi.
Phelesia yuko sokoni. Nimeikagua cherehani kwa macho tu, na siri ya maji kuingia nimeipata. Ina matundu! Madogo, kumi na moja, juu na ubavuni. Aliyeiunda alilala kazini.
Nimeyaziba yote. Atafurahi.