Nyumba Moja, Mstari Mmoja

Jumapili, 4 Novemba 2001. Kilburn.

Imeshaamuliwa! Jumamosi ya tarehe 24, ukumbini Barking, Umoja wetu wa Watanzania utachagua katibu mpya. Wagombea wawili: mimi, Godlisten, na dada Eufrasia. Lazima nishinde. Mwezi uliopita nilimwandikia baba kule Machame kwamba tayari mimi ni katibu. Nilidhani atafurahi kimya kimya. Kumbe kasimama kanisani akatangaza, na mchungaji akaniombea mbele ya watu wote! Sasa baba anataka picha. Ati niwe nimekaa mezani, nimeshika mhuri wa katibu.

Kuna kaugumu kadogo. Naishi kwa dada Eufrasia. Alinipokea uwanja wa ndege mwaka tisini na sita, akanipa chumba cha juu kwa wiki mbili, na koti la marehemu mumewe. Koti ninalo bado. Chumba pia. Ni mtu mzuri, lakini amezidi. Kila mahali Eufrasia, Eufrasia.

Silaha yangu ni databesi ya wanachama. Nimeitengeneza mwenyewe, kwenye kompyuta ya sebuleni kwake. Jedwali moja tu, kubwa, limekamilika. Kila nyumba mstari mmoja: kwanza Mwenyeji, halafu Mgeni wa Kwanza, Mgeni wa Pili, mpaka wa Sita. Ndivyo tulivyo. Hapa London ukiuliza fulani ni nani, unaambiwa alifikia kwa nani. Mimi nimejiweka Mgeni wa Tano kwenye mstari wa dada. Sina makuu.

Alhamisi, 8 Novemba.

Dada Eufrasia kachungulia kazi yangu. Anasoma kompyuta jioni, akitoka zamu ya hospitali, kwa hiyo anajiona. Kaniambia, mdogo wangu, jedwali hili litakuumiza. Ati watu wawe na jedwali lao, nyumba ziwe na lao, kila mtu apewe namba yake, na namba hiyo ndiyo ionyeshe anakaa nyumba gani. Ati jambo moja liandikwe mahali pamoja tu. Akauliza, akija mgeni wa saba je? Nikamwambia atasubiri wa sita ahame. Akauliza, na mtu akihama je? Nikakumbuka nimeacha maharage jikoni.

Wivu mtupu! Kuwatenga watu na wenyeji wao ni utovu wa adabu. Tangu lini Mtanzania akawa namba?

Ameomba nakala kwenye flopi, akafanyie mazoezi darasani. Nimempa. Ajifunze.

Jumatano, 14 Novemba.

Nimegundua jambo. Rafiki yangu Elieshi ameshafikia nyumba nne kwa miaka mitatu. Ana mdomo, hakaliki naye. Basi yumo katika mistari minne, na kila mstari una anwani yake. Nilitaka kufuta mitatu. Nikaacha. Kadi za kura zinachapwa kutoka kwenye jedwali hili, kwa hiyo mistari minne ni kadi nne! Na Elieshi ni mtu wangu.

Nimechapa kadi zote na kuzituma. Stempu kanipa dada Eufrasia. Kweli mimi ni kichwa.

Jumatatu, 19 Novemba.

Balaa! Kadi tatu za Elieshi zimekwenda kwenye nyumba alizofukuzwa. Moja imetua Edgware Road kwa Mzee Rajab, mwenyekiti wetu mwenyewe. Kanipigia simu kufoka. Kwanza, kwa nini Elieshi anaandikiwa kwake? Pili, Elieshi yuko wapi, maana aliondoka na pasi yake ya nguo. Wenyeji wengine wawili nao wamepiga, wakalinganisha kadi zao. Elieshi kapiga wa mwisho. Kaniita msaliti na kura yake kaninyima.

Nimesema ni kosa la kompyuta. Kisha, ili mzee apoe, nikatoa pendekezo kali: kadi zote zitupwe, na siku yenyewe tutumie orodha nitakayoichapa mimi. Asiyekuwemo hapigi kura wala hagombei, hata awe nani! Mzee kafurahi. Kasema hatimaye nimeongea la maana. Kaliandika.

Ijumaa, 23 Novemba.

Nimepiga hesabu ya kura. Nimekwisha. Nusu ya watu wa orodha hii walipokelewa na dada, au na mtu aliyepokelewa na dada.

Mchana yeye yuko kazini. Nimekaa mbele ya kompyuta. Nikautazama mstari wake, mstari mmoja tu. Nikabonyeza kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Mashine yenye maswali kama mwenye nyumba! Nikajibu ndiyo.

Nimechapa kurasa zote. Sikuzisoma, kwani si nimeziandika mimi?

Dada karudi, kachoka, lakini kanipigia pasi shati la kesho. Kauliza mbona siongei. Roho iliniuma kidogo, sifichi. Nikala sahani mbili.

Jumamosi, 24 Novemba.

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Mzee Rajab akasoma majina. Eufrasia hayumo! Watu wakaguna. Nikavaa uso wa huzuni, nikasimama, nikawakumbusha kwamba kanuni ni kanuni, hata kwa mtu tunayempenda. Mzee akasema sawa. Halafu kidole chake kikarudi juu, kikashuka tena polepole. Akaniuliza, na wewe je?

Simo.

Mstari umeondoka na wageni wake wote! Mgeni wa Kwanza mpaka wa Tano. Jacqueline, Mgeni wa Pili, aliyepika pilau ya mkutano mzima, akasikia naye si mwanachama. Akafunika sufuria.

Hapo dada Eufrasia akatoa karatasi kwenye mkoba. Ile nakala ya flopi, kaipanga upya kwa majedwali yake. Kila mtu kaandikwa mara moja. Elieshi mmoja tu, asante Mungu. Mimi nipo, namba 47, peke yangu kwenye mstari wangu. Mzee akauliza kama mkutano unaikubali. Mkutano ukaitazama sufuria, ukaikubali kwa sauti moja.

Dada kura 83. Mimi mbili. Moja naijua.

Kwenye treni kaniambia ya pili ni yake, hakutaka niaibike. Wala hakugomba. Kasema tu kwamba kama ningejiandikia mstari wangu mwenyewe, ningeweza kumfuta yeye nikabaki salama. 

Jumapili, 25 Novemba.

Nimelala, nimetafakari. Jedwali halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mwenyeji!

Naanzisha umoja mpya. Jedwali moja, mstari mmoja, wageni mpaka wa Hamsini. Mwenyeji na Katibu: Godlisten. Wote watakuwa chini yangu. Atakayenifuta mimi amefuta chama kizima! Kwenye anwani nimeweka ya hapa kwa dada. Hatajali.

Picha ya baba tayari. Nimekaa kwenye meza ya dada, nimeshika mhuri wa Umoja, nimevaa koti. Dada ndiye aliyepiga. Kaniambia nitabasamu.

Mgeni wa Kwanza bado sijampata. Elieshi hapokei simu.