Patini za Kaboni za Injenyeri Gentil

Gentil alikuwa amebakiza siku tano za kuwa mtu wa maana. Jumamosi angekwenda kwa kina Merveille, mchumba wake, kupokea liste, orodha ya mahari, na huko alikuwa ameshajulishwa kama injenyeri. Injenyeri wa nini, hakuna aliyeuliza, kwa sababu viatu vyake vilijibu kabla ya swali: ngozi ya mamba, rangi mbili, na ncha ndefu iliyofika mahali dakika moja kabla ya mwenyewe. Baba yake Merveille alikuwa marehemu. Neno la mwisho lilikuwa la baba mudogo mmoja ambaye Gentil hakuwahi kumwona. Alichokuwa amesikia ni kwamba huyo mzee ana macho makali na liste yake ni ndefu. Sasa, mtu haendi mbele ya liste ndefu na mifuko mitupu.

Ndipo Jumatatu asubuhi, akipita mtaa wa Nguba, akamwona mzee mmoja, papa wa shati jeupe, mbele ya lango la nyumba ya ghorofa, anafuta velo, baiskeli ya mashindano, nyeusi tii. Alipomaliza kufuta akaiinua kwa vidole viwili, kama mwavuli.

Mtu mwingine angeona velo. Gentil aliona mbuzi sita na vitenge vya mama mkwe. Hakusimama hata kidogo. Alikwenda nyumbani, akasoma telefoni yake kwa muda wa dakika saba, akaokota vizibo vinne vya divai nyuma ya hoteli moja, akavichonga kwa wembe, akavilaza kwenye kifuko cha miwani juu ya pamba.

Kesho yake alirudi, koti mwilini, kifuko kwapani, akamkuta papa anafuta tena.

"Papa, samahani. Hiyo velo njo ya kaboni?"

"Mpaka magurudumu," alisema yule papa, aliyeitwa Constantin. "Mutoto wa dada yangu alinitumia toka Ubelgiji. Juu ya nini unauliza?"

Gentil alisogea karibu. Alipiga goti, akatazama patini, vile vipande vinavyobana gurudumu ukivuta freni, kisha akasimama taratibu kama daktari anayetoka kwa mgonjwa.

"Papa iko na bibi?"

"Iko."

"Na batoto?"

"Sita."

"Mungu abachunge."

Papa Constantin aliacha kitambaa. "Sema, mutoto yangu."

"Hizi patini nyeusi ni za magurudumu ya aluminium. Ukizitia kwa kaboni, ukishuka mulima zinapata moto, zinayeyuka, na kaboni yenyewe inaharibika. Tena kama zilishatembea kwa aluminium, vipande vya chuma vinabakia ndani. Kila ukifunga freni, vinakwangua. Na hapa Bukavu, papa, mutu anashuka mulima hata kama anaenda kununua chumvi."

Yote hayo yalikuwa kweli. Tapeli aliyefundishwa vizuri na barabara huanza na ukweli, anaupanga mbele kama nyanya nzuri juu ya kikapu. Za chini mtazijua mkifika nyumbani.

Kifuko kikafunguka. "Liège ya Ureno, ganda la muti. Kwa kaboni njo inafaa. Zilibakia hizi ine tu."

Mke wa papa alikuwa ametoka, maman Georgette, mama mnene mwenye sauti ndogo. Alichukua kipande kimoja, akakinusa.

"Hii inanuka divai."

"Banaipika mu divai, maman. Miezi sita."

"Ah," alisema maman Georgette, akamtazama kuanzia kichwani, akashuka, akakaa kwenye viatu. "Basi tufanye sawa vile kwetu Bushi. Mwenye kuleta kasiksi, pombe ya ndizi, anakunywa wa kwanza, juu tujue haikutiwa kitu. Wewe umeleta freni. Zifunge, panda, shuka mpaka kule chini. Ukirudi muzima, papa atalipa."

Gentil alikuwa na heshima yake. Wezi aliwadharau, wezi hawana mazungumzo. Lakini watu wakikutia mkononi velo ya thamani ya kiwanja na kukuambia nenda, je, ni wizi au ni utii? Pale chini kulikuwa na njia panda: kuume unarudi Nguba, kushoto unaenda zako. Moyo wake ulikuwa umeshakata kushoto.

"Bila shida, maman."

"Acha gage, rehani. Ukianguka mu ziwa, sisi tubakie na nini? Toa viatu."

Hapo Gentil alisita. Jumamosi bila vile viatu alikuwa nani? Lakini akapiga hesabu: velo moja ilikuwa jozi nyingi za mamba. Akavua.

"Na telefoni."

Akatoa.

"Na koti. Itakupepea, utaanguka."

Maman Georgette alilikunja lile koti vizuri, mkono kwa mkono, kama mtu aliyekwisha kuchagua msumari wa kulitundika.

Gentil alizifunga zile patini, akapanda, akashuka kwa soksi. Kwenye kona ya kwanza alivuta freni huku akimkumbuka Bikira Maria, na velo ikatii. Kona ya pili ikatii tena, laini, bila kelele. Alishangaa, kisha akajivuna. Pengine kweli alikuwa injenyeri. Njia pandani akakata kushoto, na hakusimama mpaka mtaa wa Essence, kwa Thierry, fundi wa velo ambaye hununua bila kuuliza.

Siku hiyo Thierry aliuliza.

"Nani alikutengenezea hizi patini?"

"Mimi."

"Ziko muzuri. Kwa kaboni ya kweli, liège inafaa kabisa. Bantu ba mashindano ba zamani balikuwa banaitumia." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa gurudumu. Pale kizibo kilipokuwa kinasugua, weusi ulikuwa umekwisha, na chini yake paling'aa kama sufuria iliyopigwa mchanga. "Patini ni ya kweli. Magurudumu njo ya uongo. Hii ni aluminium, na rangi ni ya ubao wa masomo."

"Unajua namna gani?"

"Mimi njo nilipaka, mwezi uliopita. Kuna papa mumoja, sentinelle, mulinzi wa nyumba ya Nguba. Mwenye nyumba iko Ulaya. Alisema anataka velo ya kutegea."

"Ya kutegea nini?"

Thierry alitazama soksi, zilizokuwa na tundu kwenye kidole gumba. "Bantu benye viatu vizuri."

Gentil alirudi Nguba kwa miguu, akisukuma velo. Lango lilikuwa limefungwa, na mbwa ndiye aliyepokea wageni. Kwenda polisi hakuweza: angelazimika kueleza alikuwa anakwenda wapi alipokata kushoto.

Jumamosi alikaa kwa kina Merveille katika viatu vya mjomba wake, tonton Léopold, namba mbili zaidi ya mguu wake, akijaribu kuvificha chini ya kiti. Familia ilijaa mpaka mlangoni. "Baba mudogo anakuja," walisema.

Ncha za viatu ziliingia kwanza. Mamba, rangi mbili. Dakika moja baadaye akaingia papa Constantin, na nyuma yake maman Georgette, telefoni mkononi.

Wale watatu walitazamana. Mmoja akifungua kinywa, wote wanazama. Papa Constantin alikohoa, akakaa, akavaa miwani.

"Injenyeri," alisema. "Karibu kwetu."

Akaanza kusoma liste. Mbuzi sita. Vitenge. Kasiksi mitungi kumi.

"Viatu vya baba mudogo." Alitazama miguu yake, akachukua kalamu, akakata mstari. "Hii ilishafika."

Watu wakanong'ona.

"Telefoni ya mama mudogo. Ilishafika. Koti. Ilishafika."

"Huyu kijana analeta mbele ya kuombwa," shangazi mmoja alimwambia mwenzake, na Merveille alimtazama Gentil kwa macho ambayo mtu angevua viatu mara ya pili kwa ajili yake. Gentil akapumua. Akanyoosha miguu kidogo.

Lakini papa Constantin hakuwa amefunga kalamu. Aliandika mstari mpya chini kabisa, polepole, akitamka kila neno ili wote wasikie.

"Velo moja. Ya kaboni. Ya kweli."

Kisha akainua macho juu ya miwani, kwa upole wa baba.

"Patini usihangaike kununua, mutoto yangu. Hizo unajua kuzitengeneza."