Dokta Daftari na Bango la Niko Njiani

Asubuhi tumekuta bango jipya mkabala na benchi letu, kubwa kuliko kibanda chenyewe cha kahawa. Jamaa wa kwenye picha amekunja nne, kikombe mkononi, simu sikioni, boksi la spana chini ya benchi. Maandishi ya kampuni ya simu: "NIKO NJIANI! Dakika za kutosha kwa kila kisingizio."

"Huyo ni mimi!" Spana, fundi wetu wa bomba, nusura amwage kahawa. "Hata soksi hazifanani, kama zangu!"

"Sura si yako," akasema Redio, kinyozi. "Yule mzuri."

"Neno ni langu! Nani mwingine anamwambia mteja yuko njiani huku anaagiza kikombe cha tatu?"

Sote tunasema hivyo, ila bingwa ni yeye.

Mama Birika, mwenye kahawa yake, akaguna. "Hiyo kazi ya Dokta Daftari. Mmeshamsahau?"

Tumsahau vipi! Miaka miwili msomi wa chuo kikuu alikaa nasi hapa, eti anachunguza mila na desturi zetu. Ukipiga chafya, anaandika. Ukijikuna, anauliza kama babu yako naye alijikuna hapo hapo.

"Si alisema ni utafiti?" akauliza Redio.

"Utafiti kaacha, yuko kampuni ya matangazo. Wifi yangu anafagia ofisini kwao. Kapewa kiti cha kuzunguka, kinalia nyii, nyii."

"Kumbe tulikuwa tunafuga nyoka na kumkorogea sukari!" Redio akapiga paja.

Spana hakucheka. "Wateja watatu wamenikatia simu leo. Kuna mama maji yamejaa jikoni, yanamfika vifundoni. Namwambia niko njiani, ananijibu, 'Nakuona, umebandikwa barabarani.' Jamani, nitakula nini?"

Nilimhurumia, kusema kweli. Redio akapiga simu, akaweka spika.

"Dokta! Bango lishuke! Umemmwagia mwenzio unga!"

"Wazee wangu!" Sauti tamu kama halua. "Nimewakosea. Nakuja tuyamalize ana kwa ana."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Niko njiani. Nimeshakata kona."

Nyuma yake tukasikia: nyii, nyii.

"Anakuja!" Redio akashangilia. "Mama Birika, ongeza kikombe!"

Spana akainuka, akavuta boksi lake chini ya benchi.

"Wee, unakwenda wapi? Mgeni wako anakuja."

"Huyo haji leo wala kesho. Nimemfundisha mwenyewe."

Akaondoka mbio kwenda kwa yule mama wa jikoni. Safari hii hakupiga simu kwanza.