Koti la Mahari

Jumatano, 1 Julai 1998

Randi inaporomoka, dola inapaa. Mimi Ladislaus nimeacha rasmi kuuza mikanda ya suruali pale sokoni Warwick. Sasa ni mfanyabiashara wa soko la fedha! Nusu ya mahari ya Clara nimeigeuza dola kwa Achille, anayebadilisha fedha nyuma ya duka la simu. Mjomba wa Clara, Mzee Deusdedit, anakuja Jumapili ya tarehe 12 kuipokea. Ataikuta imezaa. Séverin, Mkongo ninayekaa naye chumba kimoja mtaani Umbilo, ameniuliza nitauza lini. Nimemjibu kwamba fundi nguo anayecheza kamari ya farasi hana la kunifundisha.

Jumamosi, 4 Julai

Nimemfuata Séverin kwenye mbio kubwa za farasi. Nia yangu ilikuwa kumcheka. Asubuhi aliketi kitandani, akashona mifuko yote ya suti yake ya kijani, akabakiza mmoja. Huo ndio wa kamari ya leo, akasema, na ukikauka anarudi nyumbani kwa miguu.

Farasi wake wa kwanza alishika mkia. Mimi ningelipiza hapo hapo! Yeye alikunja mikono, akaacha mbio nne zipite huku akitazama kofia za akina mama. Baadaye akacheza tena, akashinda. Akatoa sindano, akaushonea ushindi kwenye mfuko wa ndani, amesimama katikati ya umati, uzi mdomoni. Nilimsihi aziweke fedha zote kwenye mbio za mwisho.

"Kaka, farasi iko mingi," akasema. "Suti niko nayo moja."

Mwanamume huyo! Mabenki yote ya mjini, na tai zao, hayana mtu wa namna hii. Nimeona fahari kupanda naye teksi.

Jumapili, 5 Julai

Nimeomba uanafunzi. Séverin amenishonea koti bure, kwa masharti. Mfuko wa kushoto una dola: zikishuka senti ishirini, nafumua na kuuza, hakuna kubishana. Mfuko wa kulia una mahari iliyobaki: haufumuliwi hata nyumba ikiungua. Nimeapa kwa jina la bibi yangu.

Jumatano, 8 Julai

Dola imeshuka senti ishirini. Nimeshika wembe. Lakini ule mshono! Umenyooka, mtamu kuutazama. Kuufumua ni kukosa nidhamu. Nimeurudisha wembe mahali pake.

Ijumaa, 10 Julai

Imeshuka tena. Eish! Ila bidhaa ikishuka bei, mwenye akili ananunua. Nimefumua mfuko wa kulia. Achille amenipa dola zangu huku akiniuliza kama niko mzima.

Jumapili, 12 Julai

Aibu. Dola zimezidi kulala, mahari haikutosha. Mzee Deusdedit alilitazama koti langu, bitana inaning'inia. Kisha akamgeukia Séverin, aliyekuja kuwa shahidi wangu, akaisifu suti ya kijani, akamuuliza taratibu kama ana mke. Clara naye alikuwa akisubiri jibu, nilimwona.

"Niko naye Bukavu, mzee," Séverin akasema. "Anashona kunipita."

Mungu ambariki huyo mama!

Clara amenipa hadi Krismasi. Fedha zilizobaki amezishonea ndani ya mkoba wake, kwa mkono wake, bila kuniangalia. Imeniuma kuliko matusi, kwa sababu nampenda na yeye anajua. Ametamka moja tu: mara ya pili hataniuliza mimi fedha ziko wapi, atamuuliza Séverin.

Jumatatu, 13 Julai

Nimetafakari sana. Séverin ni bingwa na nidhamu yake ni dhahabu, nitamsifu hadi kaburini. Kosa lilikuwa uzi. Uzi unamchelewesha mtu. Nimerudi Warwick, nimeuza mikanda miwili na kununua zipu ya mfuko wa koti. Achille anasema dola itapanda kesho.